Tunampa nani kiti cha mbele?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, huko Marekani, katika jimbo la Rhode Island, kuna mji mdogo wa bandari uitwao Bristol. Wakazi wake wameadhimisha siku ya uhuru wa nchi yao, tarehe 4 Julai, tangu mwaka 1785, miaka tisa tu baada ya Marekani kujitangazia uhuru. Sherehe hiyo inatambulika kuwa kongwe kuliko zote za aina yake nchini humo. Mstari wa katikati ya barabara yanakopita maandamano umepakwa rangi tatu za bendera yao, na kila mwaka huteuliwa mkazi mmoja kuyaongoza. Kwa watu wa Bristol, hiyo ni heshima kubwa.

Sikusudii kuzungumzia hukumu ya sikukuu hiyo. Nataka tutazame lile jambo la kumsimamisha mtu mbele ya watu na kumwambia ahsante, kwani nasi tunalifanya kila siku katika maulidi, mahafali na harambee zetu.

Shukrani yenyewe ina asili katika dini. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini huyo huyo Mtume (s.a.w.) alipomsikia mtu akimsifu mwenzake kupita kiasi, alimwambia kuwa amemkata shingo. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim tunaelezwa kuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama ni mpiganaji, msomi na mtoaji mali ambao walifanya waliyoyafanya ili wasifiwe. Walisifiwa kweli hapa duniani, wakamaliza malipo yao. Kwa hiyo anayesifiwa na anayesifu, wote wako katika mtihani.

Turudi Bristol. Sherehe za uhuru zikiwa tayari zimeanza, mji huo ulikuwa ukitajirika kwa biashara ya kuuza Waafrika. Ukoo wa DeWolf wa mji huo ndio ulioongoza kwa biashara hiyo Marekani nzima, na uliiendeleza hata baada ya jimbo lao kuipiga marufuku mwaka 1787. Mmoja wao, James DeWolf, alishitakiwa mwaka 1791 kwa kumtupa baharini mwanamke mtumwa aliyeugua ndui. Hakutiwa hatiani. Mwaka 1821 akaingia katika Seneti ya Marekani, akawa mheshimiwa. Jumba la fahari la ukoo huo, lililojengwa mwaka 1810, lipo hadi leo kando ya barabara hiyo hiyo ya maandamano. Jina la tajiri limehifadhiwa. Jina la yule mama aliyetupwa baharini, nani analijua?

Waislamu, tusiwacheke watu wa Bristol. Nilihudhuria mahafali ya madrasa moja. Tajiri aliyetoa mabati aliwekwa kwenye kochi, akavishwa joho na akasomewa risala ya kurasa tatu. Sikatai, mabati yalihitajika. Lakini ustadhi aliyewasomesha watoto wale alifu kwa kijiti kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa posho isiyotosha hata nauli, alikuwa amesimama dirishani kwa sababu viti vimekwisha. Hakutajwa. Na mimi niliyekuwa mmoja wa wanafunzi wake nilikaa kimya kwenye kiti changu. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Linganisha na mwenendo wa Mtume (s.a.w.). Palikuwa na mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wake. Alipofariki masahaba walimzika bila kumjulisha Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume (s.a.w.) alimuulizia, akasikitika kuwa hakuambiwa, akataka aoneshwe kaburi lake, kisha akamsalia. Kiongozi wa umma mzima alikwenda kwenye kaburi la mfagiaji.

Basi kamati zetu zikikaa kupanga wa kutunukiwa, zijiulize maswali matatu. Mtu huyu amewafaa watu, au ana fedha tu? Mali yake imepatikana kwa njia gani? Na yuko nani ambaye kazi yetu ingesimama kama asingekuwepo, na bado hatumjui kwa jina? Tukishampata, tumheshimu kwa kiasi, tumuombee dua kuliko kumsifu, na tumsaidie angali hai badala ya kungoja kumsoma wasifu wakati wa maziko.

Nawe kiongozi unayetunukiwa, kumbuka maneno ya Sayyidna Abubakar (r.a.) aliposhika ukhalifa. Aliwaambia watu kuwa ametawalishwa juu yao ilhali yeye si mbora wao.

Mwenyezi Mungu atujaalie ikhlasi, na awalipe kheri wote wanaotutumikia bila kuonekana. Amin.