Pini ya Ekseli

Ndugu msomaji, hebu nikuulize: mtu akikosea, na kosa lake lisimdhuru yeyote, je, amekosa? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, usingizi ukanikimbia.

Kwetu Mbagala tuna pikipiki ya sisi 125, mali ya familia. Kuna fundi mmoja alituchezea mchezo: alitoa kabureta yetu nzima, akatufungia iliyochoka. Tangu siku ile nikaapa kwamba kazi ndogondogo nitazifanya mwenyewe, pale uani. Watu wanadhani hadi uwe na karakana. Wapi! Nilianza na spana ringi namba 8, 10, 12, 14 na 17, moja kubwa ya nati ya ekseli, bisibisi mbili, plaizi, spana ya plagi, na beseni bovu la kumwagia oili chafu. Rula nilikuwa nayo tangu sekondari. Msicheke, nayo ni zana. Mlegeo wa cheni haukisiwi kwa macho: unaisukuma juu na chini pale katikati, na kwa pikipiki nyingi ndogo inatakiwa icheze kama milimita 20 hadi 30. Ikikaza mno inakula beringi, ikilegea inaruka.

Sasa, ili ukaze cheni ni lazima ulegeze nati ya ekseli ya nyuma, uvute gurudumu sawasawa pande zote mbili, kisha ukaze tena. Nati yenyewe ina meno kama taji. Katikati ya meno hayo inapita pini ndogo ya chuma, inakunjwa ncha zake ili nati isijifungue kwa mtetemo. Bei yake haifiki hata ya soda. Na ukishaikunjua, tia mpya. Ya zamani imeshachoka.

Mimi nilitaka kuirudisha ileile. Ikanivunjikia mkononi, jioni, maduka yamefungwa. Nikaokota kipande cha waya, nikapitisha, nikakunja. Ukitazama kwa mbali ungeapa ni pini. Nikajiambia, kesho asubuhi nitanunua.

Asubuhi naamka, pikipiki haipo. Mdogo wangu kampakia Mama, wameelekea Temeke hospitali, kliniki yake ya presha. Nilikaa kibarazani mpaka saa saba mchana, kila honi inanishtua. Wakarudi salama. Nati haikuwa imesogea hata kidogo, na Mama kaniletea embe.

Washikaji niliowasimulia walicheka: "Si wamerudi? Basi hakuna kesi." Kumbe wapo waliolifikiria jambo hili kabla yetu. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika juu ya bahati katika maadili. Chukua madereva wawili, uzembe wao sawa. Mmoja anakuta barabara tupu, mwingine anakatiza mtoto mbele yake. Huyu wa pili ndiye tunayemwita muuaji. Lakini uzembe si ni uleule? Hata waya wangu ungekatika pale Mtoni kwa Aziz Ally, malori yakiwa nyuma yao, ungekuwa waya uleule, na aliyeukunja ni mimi yuleyule.

Kuna lililoniuma zaidi. Yule fundi wa kabureta nimemwita mwizi miaka miwili sasa. Naye alifunga kitu kibovu kikaonekana kizima. Tena yeye aliwafungia watu asiowajua.

Pini mpya niliitia mchana uleule, kwa hiyo ningeweza kunyamaza. Nilinyamaza siku tatu. Ya nne nikamweleza mdogo wangu yote, na ule waya nikamwonyesha. Aliugeuzageuza kiganjani, akautia mfukoni, akaingia ndani. Hakuniambia kitu.

Siku hizi kabla ya kuwasha anachuchumaa kwanza, anaitazama ekseli, hata kama mimi nimesimama palepale na spana mkononi. Inaniuma, lakini simzuii.

Mama bado hatujamwambia.