Msiba na Mizani

Je, mshairi ana haki ya kumtia marehemu mwanawe katika utungo, akachagua neno lipi litangulie na lipi lifuate, ilhali udongo wa kaburi haujakauka?

Swali hili halikumjia Naja Marie Aidt kama mjadala wa darasani. Mwandishi huyu wa Denmark, aliyezaliwa mwaka 1963 huko Aasiaat, Greenland, alikwisha kupata jina. Mwaka 2008 alitunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Baraza la Nordiki kwa hadithi fupi za Bavian. Machi 2015 mwanawe, kijana wa miaka 25, alifariki kwa ajali.

Kitabu alichokitoa mwaka 2017, ambacho kwa Kiswahili kingeitwa Kifo Kikikunyang'anya Kitu, Kirudishe, si diwani, si shajara, si masimulizi. Ni vyote hivyo. Shairi hukatika, maana ya neno ikafuata kama katika kamusi, kisha maneno ya waombolezaji wa zamani, tangu utenzi wa Gilgamesh. Na mara kwa mara hurudi habari ya usiku ule simu ilipolia. Kila irudipo husonga hatua chache tu, kana kwamba msimulizi hathubutu kuufikia mwisho.

Miongoni mwa waombolezaji hao yumo Mallarmé wa Ufaransa, aliyefiwa na mwanawe Anatole, wa miaka 8, mwaka 1879. Alikusudia kumjengea kaburi la shairi kamili. Aliacha vijikaratasi tu, vikachapishwa mwaka 1961, yeye mwenyewe akiwa amekufa zamani. Fundi wa ukamilifu alishindwa, na huenda kushindwa huko ndiko kulikokuwa uaminifu wake.

Mpenzi wa vina na mizani ataona vurugu. Naye ana hoja: mizani humshika mkono mfiwa asianguke, wazee hawakuomboleza kwa beti kwa kupenda mapambo. Lakini na atazame tena. Habari ile ya simu, inayorudi na kurudi, ni nini kama si kibwagizo?

Basi kosa halimo katika kuutungia msiba. Limo katika kuufunga ubeti kabla msiba haujaisha, ili msomaji aondoke na raha.

Jina la kitabu ni amri ya ajabu: aliyenyang'anywa ndiye anayeambiwa arudishe. Aidt alirudisha alivyokuwa navyo mkononi, vipande, wala hakuviunga ili vionekane kitu kizima.