Vidonge Vilivyobaki ni vya Nani?

Mtoto ameshikwa na nimonia. Mganga wa zahanati amempa amoksilini ya siku 5, asubuhi na jioni. Siku ya 3 homa imeshuka, mtoto anacheza. Mama anavifunga vidonge vilivyosalia katika karatasi na kuviweka kabatini, ili mtoto wa jirani akiugua asaidiwe. Je, amekosa?

Nia yake ni njema, wala tusimwite mzembe. Kuweka akiba tumefundishwa tangu utotoni. Lakini jirani atapewa nini? Dawa pungufu, kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeupima. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 alipopewa Tuzo ya Nobel: dawa ikitumiwa kidogo mno huvizoeza vijidudu kuishinda, na mgonjwa huwaambukiza wenzake vijidudu hivyo sugu.

Basi, kumpenda jirani ni pamoja na kumaliza kidonge cha mwisho. Wala tusiongeze siku kwa hofu. Zile alizoandika mganga ndizo kipimo.

Hata hivyo, kumwambia mama "maliza dawa" na kwenda zetu si msaada. Tumwekee alama ukutani kwa mkaa kila mtoto anapokunywa. Jioni tupite tuulize, "Mwanetu ameshakunywa?" Akitapika dawa, tumsindikize mama arudi zahanati. Tukimwacha peke yake, kisha tukamlaumu kwa kusahau, kosa hilo ni la nani?