Mtapo Uliokwisha Kung'olewa

Je, ana lawama anunuaye mti wa porini ambao mwingine amekwisha kuung'oa? Nauliza kwa ajili ya mtapo. Sisi wa visiwani na wa Mrima twaujua: majani magumu yenye miiba, shina nene la magamba, umbo la mnazi uliokataa kurefuka. Wataalamu huuita Encephalartos hildebrandtii, kwa jina la Mjerumani aliyekusanya mimea pwani hii katika karne ya 19.

Dar es Salaam imetambaa kaskazini, ikapita Tegeta na Bunju kuelekea Bagamoyo, na nyumba mpya hutaka bustani iliyokwisha kukomaa. Mwenye nyumba aliyeletewa mtapo mkubwa hujitetea hivi: umekwisha kung'olewa, nisipouchukua utakauka bure.

Sheria haimtoshelezi wala haimwachilii. Sheria ya Misitu ya 2002 hudai kibali kwa mazao ya msitu wa hifadhi. Mkataba wa CITES, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979, umeiweka jamii yote ya Encephalartos katika orodha inayokataza biashara ya kimataifa ya mimea iliyotolewa porini. Lakini mtapo uendao Bunju hauvuki mpaka wa nchi, na mnunuzi si aliyeshika jembe. Hapo ndipo dhamiri hubaki peke yake.

Karne ya 19 Mrima iliuza sandarusi, na iliyo bora ilichimbwa ardhini, mahali ambapo miti iliyoitoa ilikwisha kufa zamani. Aliyeinunua angeweza kusema "imekwisha" kwa haki. Wa mtapo hawezi, kwa kuwa fedha yake hailipii mti wa jana tu. Humwambia mchimbaji kwamba kesho arudi na mwingine. (Mchimbaji simsemi sana. Mwenye njaa na mwenye ua hawapimwi kwa kibaba kimoja.)

Tena shina lenyewe hutoa ushahidi. Mtapo hukua taratibu mno. Unene wa kiuno cha mtu ni kazi ya miongo mingi. Muuzaji asemaye aliupanda mwenyewe kwa mbegu, na aonekane basi ni mzee kiasi gani. Kinachonunuliwa hapo hasa ni miaka ambayo mnunuzi hakuingoja.

Hoja nzito ni ya mkaa. Msitu wa Zaraninge umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, lakini nje ya mipaka hiyo vichaka hufyekwa na kuchomwa, na mtapo uliohamishiwa uani umeepuka moto. Nakubali, umeepuka. Ila mitapo ina madume na majike, kila mmoja na shina lake, na huhitaji wadudu wa kuibebea chavua. Huko Afrika Kusini, ndugu yake Encephalartos woodii alionekana mwaka 1895 katika msitu wa Ngoye, akapelekwa bustanini. Leo yumo katika bustani nyingi za dunia, na wote ni dume lile lile lililozidishwa kwa machipukizi. Jike halikupatikana kamwe.

Mche wa mtapo uliooteshwa kwa mbegu huwa na majani machache tu, na hauupambi ua wa mtu yeyote. Aupandaye huenda wajukuu wake ndio watakaouona ukinenepa.