Mbwa Mkubwa Nyumbani: Twamtoa kwa Nani?



Siku hizi hapa kwetu Suma, na hata kule mjini Tukuyu, watu wengi wanaulizana habari za mbwa mkubwa. Si mbwa wetu wa kienyeji, yule mwembamba mwenye mkia uliopinda, ambaye amelala vizingitini mwetu tangu tulipokuwa wadogo, bali yule mrefu wa kifua kipana ambaye watu humwita mbwa wa polisi hata kama hajawahi kukiona kituo cha polisi. Sababu zajulikana. Ng'ombe wa maziwa ni mali, maparachichi huchumwa usiku na wasioyapanda, na watoto nao wameona picha za mbwa hao wakawapenda. Hatusemi kwamba haja hiyo ni mbaya. Mbwa ni mlinzi wa nyumba toka zamani. Tena katika kitabu cha Tobiti twasoma kwamba kijana Tobia aliposafiri pamoja na malaika, mbwa naye alifuatana nao, wala hatusomi kwamba kuna aliyemfukuza.

Kwa hiyo hatuulizi kama yafaa kuwa na mbwa mkubwa. Twauliza jambo jingine: twamtoa wapi, na katika mikono ya nani? Wengi hudhani hilo ni jambo la bei tu, kama mtu anunuavyo jembe. Sisi twaona ni jambo la haki, maana mbwa si jembe. Ana mama aliyemzaa, ana njaa, ana meno, na jirani ana watoto.

Tuchukue mfano. Mtu amesimama kando ya barabara kuu iendayo Kyela. Ana boksi, na ndani yake mna watoto wanne wa mbwa, wadogo mno, macho yana tongo, matumbo yamevimba kwa minyoo. Asema mama yao ni Jemani Shepadi halisi na baba yao ni Rotwaila. Ukimwuliza mama yuko wapi, asema yuko Mbeya. Ukimwuliza habari za chanjo, asema wamekwisha kuchanjwa, lakini cheti hana. Mvua inakuja. Mmoja wa wale wadogo anatetemeka na kukutazama usoni. Bei yake si kubwa. Je, ukimnunua umetenda jema?

Moyo wa huruma husema ndiyo upesi sana, nasi hatuudharau moyo huo. Ole wa kijiji ambacho watu wake hupita bila hata kugeuza shingo. Lakini tufuate ile fedha inakwenda wapi. Haimwendei mtoto wa mbwa. Inamwendea mwenye boksi, nayo yamfundisha kwamba kazi yake ina faida: kwamba hana haja ya kumlisha mama vizuri, wala kununua dawa ya minyoo, wala kungoja watoto waache kunyonya, maana wanunuzi watatoa fedha kwa kuwaonea huruma. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Basi yule jike aliyeko Mbeya, kama kweli yuko, atapandishwa tena akiingia joto, na kabla mwaka haujaisha boksi jingine litakuwa pale pale barabarani. Mnunuzi amemwokoa mmoja na kuagiza wanne.

Wako wajibuo: "Nisiponunua mimi, atanunua mwingine." Jibu hilo sisi tuliofundisha tumelisikia darasani miaka mingi, kutoka kwa mwanafunzi aliyeshikwa akinakili: hata mimi nisiponakili, wenzangu watanakili. Hatukulipokea kule, wala hatuoni kwa nini tulipokee hapa. Kosa haligawanyiki likawa dogo kwa sababu walitendao ni wengi.

Walakini tusijifanye kwamba shauri hili ni jepesi. Ukipita bila kununua, huenda yule anayetetemeka akafa. Hilo ni chungu, na ye yote atakayesema si kitu, huyo hatumwamini. Twasema tu kwamba huruma inayolipia mateso yajayo haijafika mwisho wa hesabu yake. Yako mambo mengine ya kutenda: kumwambia mwuzaji waziwazi kwa nini hununui, kumpa Bwana Mifugo habari, kwa kuwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, na kumtesa mnyama ni kosa mbele ya sheria ya nchi. Ama mtoto wa mbwa aliyetupwa, asiye na mwenyewe wala bei, huyo ni habari nyingine. Ukimwokota hujamlipa mtu ujira wa ubaya. Lakini huyo pia apelekwe kwa Bwana Mifugo kwanza, kabla watoto hawajamkumbatia.

Twasema hivyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo wajulikana na kila mtu kwa jina, ila wengi hawajui ukali wake: dalili zikisha kuonekana kwa mtu, hakuna tiba, na karibu kila mgonjwa hufa. Makadirio ya kitaalamu ni kwamba huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, nao karibu wote huupata kwa mbwa. Hesabu iliyotolewa na wataalamu mwaka 2002 kwa Tanzania ilifika vifo kama 1,500 kwa mwaka. Tena katika kila watu 10 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Ndio hao wanaocheza na mbwa. Hata mtoto wa mbwa mwenye meno kama sindano aweza kuwa nao. Chanjo ya kumkinga mtu aliyeng'atwa ilianza zamani, pale Louis Pasteur alipomtibu kijana Joseph Meister mwaka 1885; na chanjo ya mbwa ipo. Kwa hiyo mtoto akifa kwa ugonjwa huu leo, mara nyingi kuna mtu mzima mahali fulani aliyeacha kutenda jambo aliloweza kulitenda.

Kwamba mbwa asiyejulikana alikotoka aweza kuharibu kazi ya watu wengi, si maneno ya kutishana. Wenzetu wa Pemba wameliona. Kuanzia mwaka 2010 mbwa wa kisiwa kile walichanjwa kwa wingi, na kufikia mwaka 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka. Watu wakapumua. Kisha mwaka 2016 kikarudi. Wataalamu walipofuatilia kila aliyeng'atwa na kuchunguza vimelea vyenyewe, waliona kwamba ugonjwa haukuwa umejificha kisiwani; uliletwa kutoka nje. Sasa, mkondo wa bahari kati ya bara na Pemba si mto Kiwira, mbwa hawezi kuuogelea. Aliyevuka, alivushwa chomboni na watu, na twaweza kudhani kwamba hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na mbwa tu, wala hapakuwa na mtu wa kuwauliza alichanjwa lini. Ilichukua mpaka mwaka 2018, kwa kuchanja upya, kuutokomeza tena. Watu wa nyumba nyingi, wasiomjua aliyevusha, ndio waliokaa na hofu hiyo.

Basi mahali pema pa kumpata mbwa ni wapi? Pa kwanza ni pale unapoweza kumwona mama. Nenda nyumbani kwa mwenye jike. Mtazame huyo jike: amenenepa kiasi, manyoya yang'aa, hukaribia watu au hujificha chini ya ghala? Watoto wa mbwa hurithi tabia na pia hufundishwa. Wakikaa na mama na ndugu zao mpaka majuma manane hivi, hujifunza kwamba ukimng'ata mwenzako kwa nguvu, mchezo umekwisha. Aliyeondolewa akiwa na majuma manne hakulipata somo hilo, na akifikia kilo 40 ndipo atakapotaka kulijifunza, juu ya mkono wa mwanao.

Mwenye mbwa mwaminifu ana dalili moja ambayo mwenye boksi hana kamwe: yeye naye hukuuliza maswali. Una uzio? Nani atamlisha? Una mbwa wengine, nao wamechanjwa? Akiona majibu hayafai hukunyima, hata ukiwa na fedha mkononi. Watu wengine huchukizwa na maswali hayo, wakaona wamedharauliwa. Sisi twaona kinyume chake. Anayekuuliza ndiye atakayekubali umrudishe mbwa, mambo yakikushinda.

Ama kuhusu majina makubwa ya mbegu, tusiyaogope wala tusiyaabudu. Jemani Shepadi alikuwa mbwa wa kuchunga kondoo. Mwaka 1899 Mjerumani mmoja, Max von Stephanitz, na wenzake waliunda chama wakawa wanaandika kitabuni nani amezaa nani. Kusini kwetu yuko yule mbwa mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, mwenye damu ya mbwa wa Wakhoikhoi. Sifa zake ziliandikwa na wafugaji waliokutana Bulawayo mwaka 1922. Maana ya mbegu ndiyo hiyo, maandishi. Mtu akikuambia "halisi" bila karatasi, amekupa neno tu. Na mara nyingi mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa watu hununua dume na jike wa tumbo moja, wakawaacha wazaane uani. Mbwa wakubwa wana ugonjwa wa maungio ya nyonga ambao hurithiwa. Wafugaji waangalifu huwapiga picha za eksirei kabla ya kuwapandisha. Asiyejali huuza kilema, naye mnunuzi hukitambua baada ya mwaka, mbwa anaposhindwa kuinuka asubuhi ya baridi. Na baridi ya huku twaijua.

Tufanye na hesabu kidogo, msitusamehe tabia ya ualimu. Mbwa mkubwa aliyekomaa ahitaji chakula kisichopungua nguvu ya nusu kilo ya unga wa dona kwa siku, mbali na dagaa, damu au mabaki ya nyama, maana unga peke yake haumtoshi. Kwa mwaka hiyo ni kilo 182, karibu magunia mawili. Nyumba isiyoweza kutoa magunia mawili bila kupunguza sahani za watoto haina haja ya mbwa huyo, wala si aibu kusema hivyo. Mtoto wa mbwa wa kienyeji, kutoka kwa jirani ambaye jike wake mmemjua miaka mitano, aliyechanjwa akifika miezi mitatu, hubweka vizuri kabisa. Mwizi wa maparachichi hangoji kuulizia mbegu.

Liko jambo la mwisho linalotusumbua zaidi kuliko magunia. Twamtaka mbwa mkubwa ili atishe, lakini amtishe nani? Katika vijiji vyetu mtu huingia uani na kusema "Mugonile", akajibiwa. Bibi huja kuomba moto, mtoto hutumwa chumvi, mgonjwa huletwa usiku. Mbwa aliyenunuliwa kwa ukali wake tu, akafungwa mnyororo mchana kutwa asijue watu, hatofautishi hodi ya jirani na hatua za mwizi. Nyumba hiyo huwa salama, na huwa peke yake. Torati, katika Kutoka sura ya 21, yatoa shauri juu ya ng'ombe mwenye desturi ya kupiga watu kwa pembe: mwenyewe akiisha kuonywa asimzuie, naye mtu akafa, hatia haimkalii ng'ombe tu, yamkalia na mwenye ng'ombe. Nasi twaliongeza hapo: aliyemnunua kwa sababu ni mkali amekwisha kuonywa siku ile ile ya kununua. Hawezi kusema hakujua.

Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Hilo litendeke hata kama mbwa ni wa nyumbani na mwenye mbwa aapa kwamba ni mzima.

Tena mbwa wakubwa hawaishi sana. Wengi huishi miaka 8 hadi 12. Mtoto aliyemlilia baba anunue mbwa, naye akiwa darasa la kwanza, atakuwa kidato cha tatu mbwa huyo akiwa mzee, asiyeona vizuri, asiyemfukuza hata kuku. Pengine mtoto mwenyewe yuko bweni. Atakayebeba chungu cha uji kwenda bandani, mvua ya Aprili ikinyesha, ni mama wa nyumba, au babu aliyebaki. Huyo aulizwe kwanza, kabla hatujaondoka kwenda kumtazama jike.