Mzigo na Usahaulifu: Ishara za Usawa katika "Harrison Bergeron"

Katika hadithi fupi "Harrison Bergeron" (1961), Kurt Vonnegut anasawiri Marekani ya mwaka 2081, ambako sheria imewalazimisha watu wote kuwa sawa. Mfuko wa risasi wenye uzito wa ratili 47 shingoni mwa George ni ishara ya nguvu zilizofungwa. Redio iliyomo sikioni mwake, ya fikra zinazokatizwa. Hata hivyo, ishara nzito zaidi ni mkewe Hazel, asiyebebeshwa chochote. Mwanawe anauawa mbele ya macho yake kwenye televisheni. Analia, kisha anasahau kilichomliza. Mzigo wa mumewe haukumwongezea akili wala faraja. Usawa unaompunguzia aliye nacho pasipo kumwongezea asiye nacho si haki. Ni upungufu uliogawanywa sawasawa.