Neema, Tamaa na Kiungo cha Mwaliko

Swali la iwapo muumini anaweza kupokea kwa dhamiri safi mali asiyoitolea jasho ni la kale, lakini linarudi kwa sura mpya katika miji ya vyuo kama Mbeya na Iringa, ambako simu humfikishia mwanafunzi ahadi ya eadropu, yaani mgao wa bure wa sarafu za kidijitali ambao waanzilishi wa mradi huutoa ili kuwavuta watumiaji au kuwatunuku. Mgao wenyewe si haramu kwa asili yake: Septemba 2020 mradi wa Uniswap ulitoa sarafu 400 kwa kila anwani iliyokuwa imewahi kuutumia, na zawadi ya namna hiyo haimdhulumu mtu.

Hali hubadilika pale zawadi inapogeuka windo. Mwaka 2024 mamilioni ya watu duniani waligonga skrini kwa miezi katika mchezo wa Hamster Kombat, na mgao ulipofika Septemba wengi waliambulia kidogo mno. Hao walipoteza muda na bando tu, ilhali anayemtajia tapeli maneno yake ya siri, yale 12 au 24 yanayoifungua pochi yake ya kidijitali, hupoteza vyote, wala hakuna benki ya kuurudisha muamala. Kutumia pochi tupu kwa majaribio na kukataa kulipa ada ili “kufungua” zawadi ni sehemu ya uwakili, yaani wajibu wa kutunza kilichokabidhiwa; Injili ya Luka, sura ya 14, inamtaja mjenzi anayeketi kwanza kuhesabu gharama za mnara, na fikihi ya Kiislamu huonya dhidi ya gharar, mapatano yaliyogubikwa na kutojulikana.

Tanzania inaijua vema hatari ya ahadi za namna hii kupitia DECI, mpango wa upatu ulioongozwa na wachungaji kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, lugha ambayo ndani yake kuhoji hesabu huonekana kama upungufu wa imani. Serikali iliuzuia mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake. Eadropu si upatu, ila nyingi huongeza malipo kwa anayewaalika wengine, na hapo ndipo dhamiri inapopaswa kukaza macho zaidi: mzee wa kanisa anayetuma kiungo kwenye kundi la kwaya ameazima imani ambayo wenzake waliijenga kwake kwa miaka mingi, na hasara ikitokea, deni la kuwaeleza na kuwafidia ni lake, hata kama naye alitapeliwa.